Darasa la tatu, mkondo wa mchana: watoto wote watashikwaje na somo?

Mwalimu wa Mchana, Wete

Assalaam alaykum walimu wenzangu, wazazi na wote mnaoshughulikia elimu ya watoto wetu.

Nafundisha darasa la tatu katika skuli moja ya Wilaya ya Wete, Pemba, mkondo wa mchana, na wanafunzi wangu wanakaribia 80 katika chumba kimoja. Wengi wao huanza siku chuoni, yaani madrasa ya Qur'ani, hurudi nyumbani wakala kilichopo, kisha huingia skuli jua likiwa la utosi. Vipindi viwili vya mwanzo huenda vizuri. Ikifika saa tisa, hata somo likiwa jepesi, utaona mmoja anachora pembeni mwa daftari, wawili wanavutana penseli chini ya deski, na wa nyuma kabisa wameshalaza vichwa juu ya mikono.

Linaloniumiza zaidi si usingizi, kwani usingizi wa mtoto aliyeamka alfajiri unaeleweka. Linaloniumiza ni kwamba hata darasa linapoonekana limechangamka, aliyechangamka ni kundi dogo. Nikiuliza swali la hisabati, mikono inayoinuka ni ya watoto wale wale wa madeski ya mbele, kila mmoja akiita "Mwalimu, mie! Mwalimu, mie!", na jibu sahihi likishatoka darasa zima hupiga makofi, kana kwamba wote wamelipata. Nikikusanya madaftari naona wengi wamenakili tarehe, kichwa cha somo na mfano wa ubaoni, na pale yalipoanza mazoezi pamebaki patupu.

Nyimbo tunaimba na watoto wanazipenda, lakini wimbo ukimalizika somo huwa liko pale pale. Peremende huleta ugomvi wakati wa mapumziko. Bakora siitaki, wala sijaona imemfundisha mtu kugawanya. Mtaala mpya unatutaka tumpime mwanafunzi kwa anachoweza kukifanya, si kwa anachokikariri, na nakubaliana nao kabisa. Ila mbele yangu ni watoto 80, ubao mmoja na chaki, na bado natafuta namna jambo hilo linavyotendeka kwa hali hiyo.

Basi naomba ushauri wenu: nifanye nini ili watoto wote, si wale wa mbele tu, wawe ndani ya somo kwa kipindi kizima, kwa vitu vinavyopatikana hapa hapa kijijini na bila ya kukigeuza kila kipindi kuwa ngoma?

Maalim Mstaafu, Chake Chake

Waalaykumu ssalaam mwanangu. Utumishi wangu karibu wote niliufanya katika madarasa ya chini, kwa hiyo nitajibu kwa marefu na utanivumilia.

Kwanza, usilipime darasa kwa kelele wala kwa ukimya. Darasa linaweza kuwa kimya kwa hofu, na linaweza kuitikia kwa sauti moja pasipo hata mmoja kufikiri. Kuitikia kwa pamoja ndiko kunakotudanganya zaidi sisi walimu wa visiwani, kwa sababu watoto wetu ni hodari wa kuhifadhi. Fanya jaribio dogo. Chukua ukurasa wa kitabu cha Kiswahili ambao darasa linausoma kwa mkupuo bila ya kukwama, umwite mtoto mmoja, umwekee kidole juu ya neno lililo katikati ya mstari wa nne, umuulize ni neno gani. Utawaona baadhi yao wanarudi mwanzo wa ukurasa, midomo ikichezacheza, wakishuka mstari kwa mstari mpaka wafike penye kidole chako, ndipo walitaje. Huyo hajasoma, amehifadhi. Na aliyehifadhi hana haja ya kutazama kitabu, hivyo macho yake yatakwenda dirishani na wewe utamwita mvivu.

Mtoto hushikwa na somo pale anapopewa jambo la kulifanya yeye mwenyewe, na likawa jambo ambalo akilikosea kosa litaonekana, na akilipatia pia litaonekana. Ndiyo maana mimi nilipenda sana vibao vya mkononi. Seremala wa kijijini hana kazi na vipande vidogo vya plaiwudi. Mwombe, uvipake rangi nyeusi, umpe kila mtoto kimoja, au kimoja kwa watoto wawili, pamoja na kipande cha chaki na kitambaa kilichochakaa cha kufutia. Uliza 8 mara 4 ni ngapi, wape muda, kisha sema "inueni". Kwa mtazamo mmoja utawajua waliopata, waliokosa na waliochungulia kwa jirani, bila ya kusubiri kukusanya madaftari. Na yule wa nyuma aliyezoea kulaza kichwa hana tena pa kujificha, ingawa hakuna aliyemtaja jina mbele ya wenzake.

Dawa ya pili watoto wako hutoka nayo asubuhi hiyo hiyo, chuoni kwao. Chuoni hukaa watoto wa umri mbalimbali mbele ya maalim mmoja. Huyu yuko kwenye alifu kwa kijiti, yule amo ndani ya juzuu Amma, na mwengine anakaribia kuhitimu. Kila mmoja huja mbele na mahali pake, akasoma, akasahihishwa, kisha akarudi kudurusu. Hasongezwi mbele mpaka alipo pakae sawa, na hazuiwi kwenda mbele kwa ajili ya wenzake. Waliotangulia huwasikiliza walio nyuma. Skuli tumechukua kutoka chuoni kile kidogo kisichotufaa, yaani kuitikia kwa pamoja, tukauacha utaratibu wa kumsikiliza mtoto mmoja mmoja, ambao ndio uliofanya maalim asiye na ubao wala mshahara aweze kuwasomesha watoto wengi. Ligawe darasa lako katika makundi, na kila siku, wakati makundi mengine yanafanya zoezi, kundi moja lije mbele yako, kila mtoto akusomee mistari mitatu. Ndani ya wiki mbili utakuwa umemsikia kila mmoja.

Kuhusu hisabati ya kugawanya na kuzidisha, sijui kwa nini watu wanatafuta vifaa vya dukani ilhali mkomwe, wenye mbegu tunazochezea bao, unaota ufukweni. Bao letu lina safu nne za mashimo manane manane, ambayo ni mashimo 32, na kete zake ni 64. Watoto wachimbe mashimo yao mchangani chini ya mwembe, kila shimo litiwe komwe mbili, na wote watambue wenyewe kwamba 32 mara 2 ni 64 kabla hujaandika chochote ubaoni. Baada ya hapo wape komwe 30 wazigawe katika mashimo manne sawasawa, uone watakavyobishana. Ule ubishi ndio somo, usiukate mapema.

Tena kabla ya kumhukumu mtoto anayesinzia, tazama kama anaona ubaoni, kama anasikia, kama amekula, na kama hana kichocho au minyoo, maradhi yanayopunguza damu na nguvu. Siku za kugawa dawa skulini hakikisha hakuna aliyekosa.

Mama wa Mwani, Jambiani

Assalaam alaykum. Mimi ni mzazi tu na mkulima wa mwani, ila nimesoma maneno ya Maalim nikaona kuna jambo la upande wetu wa pwani ambalo nadhani na huko Pemba lipo.

Huku kwetu mahudhurio ya watoto hufuata mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja maji ya bamvua, na siku hizo maji hukauka mbali, katikati ya asubuhi, wakati ule ule watoto wa mkondo wa asubuhi wanapotakiwa wawe darasani. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza huku mwishoni mwa miaka ya 1980, siku hizo ndizo za kufunga mwani kwenye kamba na kuvuna, na mama mwenye kamba nyingi humchukua mtoto amsaidie. Wengine huenda wenyewe kutafuta pweza na chaza. Sisemi kwamba ni sawa, na mimi wangu siwakatazi skuli. Nasema mwalimu ayajue, kwa sababu mtoto aliyekosa siku hizo kila baada ya wiki mbili akirudi hukuta somo limeshaondoka. Hukaa, hutazama ubao, haelewi, kisha huanza kumchokoza mwenzake. Mwalimu huona utundu, kumbe mtoto amepotea njia.

Kulikuwa na mwalimu mmoja hapa ambaye alining'iniza kalenda ya mwezi karibu na ratiba yake, na hakuanza mada mpya siku za bamvua. Siku hizo alizitumia kurejea mada za nyuma kwa walio darasani, na maji yanaporudi kuwa mafu ndipo alipofungua ukurasa mpya. Isitoshe, aliwauliza waliotoka pwani wawaeleze wenzao kwa nini bamvua huja mara mbili kwa mwezi na kwa nini saa ya maji kukauka husogea mbele kila siku. Watoto waliokuwa wakionekana wa mwisho darasani ndio waliosimama wakaeleza, kwani hayo wanayajua kuliko hata mwalimu mgeni. Mwanangu alirudi nyumbani siku hiyo anazungumza mpaka chakula kikapoa.

Nyinyi wa Pemba mna msimu wa karafuu, nao najua huwapunguzia watoto darasani vile vile. Mtoto anayeokota karafuu chini ya mikarafuu anajua kwamba vibaba vinne ni pishi moja, na anajua mchumaji hulipwa kwa pishi. Mpeni hesabu hiyo muone kama atalala.

Na ombi kwa walimu wote: msituandikie wazazi "msaidie mtoto kusoma nyumbani" kama kwamba sote tunajua hayo masomo. Tuambieni jambo tunaloliweza. Mimi nikimwambia mwanangu anihadithie alichojifunza leo wakati napaa samaki, na nikamuuliza "kwa nini?" mara mbili tatu, nadhani nimefanya sehemu yangu.

Mkufunzi wa Mjini, Unguja

Shikamoo Maalim, na ahsante Bi Mama wa Mwani kwa maelezo ya bamvua, ambayo nitayachukua darasani kwangu kwa walimu wanafunzi.

Nakubaliana na Maalim katika vibao na katika kumsikiliza mtoto mmoja mmoja. Katika suala la waliotangulia kuwasikiliza walio nyuma naomba tuwe na tahadhari. Chuoni, mwanafunzi mkubwa anajua kwamba alichokishika ni amana, na maalim yuko hatua mbili kutoka kwake. Darasani, ukimpa mtoto wa miaka tisa madaraka ya kudumu juu ya wenzake, baada ya muda mfupi utakuta anaandika majina ya wapiga kelele badala ya kusomesha, na wapo wanaotoza wenzao andazi ili wasiandikwe. Kazi hiyo izunguke. Leo Juma asome na Asha amsikilize, kesho iwe kinyume chake, hata kama Juma ni dhaifu, kwani naye anaweza kufuata kwa kidole na kumkumbusha mwenzake aliyeruka mstari.

Kuhusu peremende na zawadi, Mwalimu wa Mchana ameona madhara yake wakati wa mapumziko, lakini yako makubwa zaidi. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, Mark Lepper na wenzake, walichapisha utafiti juu ya watoto wa skuli ya chekechea ambao walikuwa wanapenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti iwapo watachora, baadhi wakapewa cheti baada ya kazi bila ya kuahidiwa, na baadhi hawakupewa kitu. Siku za baadaye, walipoachwa wachague wenyewe cha kufanya, wale walioahidiwa ndio waliochora kwa muda mdogo kuliko wengine. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupungukiwa na hamu. Kwa hiyo nisingesema zawadi zote ni mbaya. Ile ya kumwambia mtoto "ukisoma utapata" ndiyo inayomfundisha kwamba kusoma chenyewe hakuna ladha. Kama kuna kitu mkononi, mpe mtoto bila ya kumwahidi kabla, na umweleze amefanya nini hasa: "umerudia hesabu hii mara ya pili na ukaona palipokosewa." Maneno "wewe una akili" yaepukwe, kwani anayeambiwa hivyo huogopa kazi ngumu ili asije akaonekana hana.

Sasa nije kwenye mikono ya madeski ya mbele. Mary Budd Rowe, mtafiti mwengine wa Marekani, alisikiliza kanda nyingi za masomo ya sayansi katika madarasa ya msingi akagundua kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kiasi cha sekunde moja tu kabla ya kumtaja mtu, kulirudia swali au kulijibu mwenyewe. Walimu waliosubiri sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu zaidi, "sijui" ikapungua, na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Sekunde tatu zinaonekana kidogo, lakini mbele ya darasa ni ndefu mno, na mwalimu asiyezoea huzijaza kwa maneno. Jizoeze kuhesabu kimya kimya. Pamoja na hilo, ondoa kabisa utaratibu wa kuinua mikono kwa baadhi ya vipindi. Kata boksi vipande vidogo, uandike jina la kila mtoto, utie ndani ya kopo la maziwa ya unga. Uliza swali kwanza, subiri, ndipo uchomoe jina. Ukitaja jina kabla ya swali, watoto wote wengine wamepewa ruhusa ya kulala. Na aliyetajwa akishindwa asiachwe amesimama kwa aibu; mruhusu amsikilize mwenzake kisha arudie jibu kwa maneno yake.

Kuhusu saa tisa ya mchana, sidhani kama kuna mbinu itakayolishinda joto la bati. Kama mwalimu mkuu anakubali, hisabati na kusoma viwekwe vipindi vya mwanzo, na vile vya mwisho viwe vya kazi za mikono, michezo au kwenda nje kuangalia mimea.

Mwalimu wa Mchana, Wete

Nawashukuru nyote. Nilizipata komwe kwa wepesi kuliko nilivyotaraji, kwani watoto wenyewe walikuja nazo mifukoni, na chini ya mwembe wa skuli tukachimba mashimo.

Niwaeleze kisa kimoja. Kuna mtoto ambaye sauti yake darasani siijui. Alipewa komwe 30 na mashimo manne. Akazitia moja moja, kwa zamu, mpaka kila shimo likawa na saba, zikabaki mbili kiganjani. Akazitoa zote akaanza upya, akidhani amekosea kuhesabu, zikabaki mbili tena. Mwenzake akamwambia azitupe, yeye akakataa. Akanitazama akaniuliza, "Mwalimu, hizi mbili ni za nani?" Kundi zima likaacha kazi yake likaja kubishana: mmoja akasema tuchimbe shimo la tano, mwengine akasema zivunjwe nusu nusu, na wa tatu akasema ziandikwe pembeni zisipotee. Siku ya pili nilipoandika neno "baki" ubaoni halikuhitaji maelezo.

Vibao bado seremala ananicheleweshea. Kopo la majina limewashtua wale wa mbele, na wawili wamelalamika kwamba sasa hawaitwi.

Lililobaki ni hili. Walipokuwa wanahesabu komwe niligundua kwamba wapo watoto, na si wachache, ambao baada ya 20 huruka namba, na katika kusoma wapo wasiozijua herufi zote. Hawa hata nikiwapa kibao na komwe, somo la darasa la tatu si lao. Nifanye nao nini bila ya kuwaacha wengine?

Mwalimu wa Sayansi, Mkoani

Kabla hajajibiwa hilo, naomba niongeze la madarasa ya juu, kwani walimu wa darasa la tatu wakitukabidhi watoto wachangamfu, sisi tunawapoteza darasa la tano.

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza kwamba Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Sina nia ya kufungua mjadala wa sera hapa, maana hautakwisha leo. Nasema tu kwamba mwalimu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya darasa hilo anaujua ukimya wake. Mtoto aliyebishana kwa Kiswahili mwaka uliopita sasa anangoja neno la kunakili, na mwalimu mwenye haraka hutafsiri mstari kwa mstari mpaka kengele ilie.

Ninavyofanya mimi ni kulitanguliza jambo lenyewe. Somo la sehemu za ua tunalianza na kishada kibichi cha karafuu. Watoto wanakipasua kwa kucha, wananusa, na wanaeleza kwa Kiswahili kwamba karafuu ni tumba la ua ambalo halijachanua, na kwamba likiachwa likachanua halina tena bei. Nauliza kwa nini mchumaji hasubiri lichanue, nao wanajibizana. Wanachora walichokiona. Hapo ndipo majina ya Kiingereza yanapokuja, machache, yakaandikwa juu ya michoro yao wenyewe, na kila mtoto akamwambia jirani yake sentensi moja kwa Kiingereza, hata ikiwa imepinda. Neno linapata mahali pa kukaa kwa sababu kitu chenyewe kimeshaingia kichwani.

Lugha ya ubishani iwe ile wanayoijua, na lugha ya kuandika jibu iwe ile inayotakiwa na mtihani. Wapo wakaguzi wasiopenda kusikia Kiswahili katika kipindi hicho. Mimi huwaonesha madaftari.

Mkufunzi wa Mjini, Unguja

Nijibu swali la Mwalimu wa Mchana kuhusu walio nyuma.

Hilo ndilo lililolifanya shirika la Pratham la India, lililoanzishwa katikati ya miaka ya 1990, kubuni utaratibu wa kuwapanga watoto kwa kiwango chao badala ya darasa lao. Kwa muda maalumu katika siku, watoto wa darasa la tatu, la nne na la tano huchanganywa, kisha wakagawanywa kwa jinsi wanavyosoma: wasiojua herufi, wanaojua herufi, wanaosoma maneno, wanaosoma aya, na wanaosoma hadithi fupi. Kupima si kazi kubwa. Karatasi moja inatosha, na kila mtoto husoma peke yake mbele ya mwalimu kwa dakika chache. Kipimo kinarudiwa baada ya wiki kadhaa na mtoto aliyepanda huhamia kundi la mbele. Kwa maneno mengine, ni utaratibu ule ule wa chuoni aliousema Maalim.

Wewe peke yako na watoto 80 hutaliweza. Zungumza na walimu wa darasa la nne na la tano wa mkondo wako, mkubaliane kipindi kimoja cha pamoja kila siku, kila mmoja achukue kiwango kimoja au viwili. Atakayechukua wasiojua herufi awe mwalimu hodari zaidi kati yenu, si yule aliyeingia kazini jana, kwa kuwa hapo ndipo penye kazi ngumu. Makundi msiyape majina ya namba. Watoto hujua mara moja namba ya mwisho ni ipi. Yaiteni kwa majina ya matunda.

Maalim Mstaafu, Chake Chake

Mkufunzi ameniwahi, na tahadhari yake kuhusu viranja wa kudumu naikubali.

Kwa wale wanaoruka namba baada ya 20, mwanangu, usiwaandikie namba kwanza. Wape komwe wazifunge kumi kumi katika vitambaa, kisha wahesabu vifurushi na zilizobaki nje. Mtoto akishaona kwamba 34 ni vifurushi vitatu na komwe nne, atajua kwa nini baada ya 29 haiji 40. Wasipewe zaidi ya hapo mpaka hilo likae.

Na hao wawili wa mbele wanaolalamika hawaitwi, watungie maswali yao au waambie watunge wenyewe maswali ya kugawanya yenye baki, wayaandike, na kesho yake wenzao wayafanye. Kutunga swali ambalo jibu lake ni 7 na baki ni 2 ni kazi kubwa kuliko kulijibu.